Shajara ya mradi: filamu ya katuni ya tumbusi wa Ruaha

Juni. Kihesa, Iringa

Hadithi imekamilika kwenye karatasi, isipokuwa sehemu ya mchungaji wa ng'ombe. Hiyo nimeiacha wazi kwa makusudi, nitaijaza baada ya kukaa na wafugaji wenyewe. Michoro ya mpangilio imefunika ukuta mzima wa chumba changu cha kazi, na nikiamka usiku kunywa maji huwa nasimama pale kuhamisha miwili mitatu.

Filamu ni ya dakika 9 na yote inachorwa kwa mkono. Nachora kwenye Krita, kisha napanga shoti na kurekebisha mwendo kwenye Blender. Zote mbili ni programu huria, hazilipiwi, na bila hizo mtu asiye na studio wala mwajiri angebaki kuchora mabango ya maduka. Sekunde moja ya filamu ni fremu 24. Mimi nachora michoro 12, kila mmoja unakaa fremu mbili. Zidisha kwa dakika 9, unapata michoro 6,480, na hapo hujahesabu iliyotupwa.

Mhusika mkuu ni tumbusi mgongo-mweupe, jike. Hasemi neno. Sijamvalisha nguo wala kumpa macho makubwa ya kitoto. Katuni nyingi humgeuza mnyama kuwa binadamu ili apendwe, na zipo kazi nzuri sana za namna hiyo, lakini tumbusi akishakuwa binadamu watu hawamwoni tena tumbusi mwenyewe. Nami nataka aonekane yeye: shingo yenye manyoya haba, mabega yaliyoinama, damu mdomoni na yote.

Mfadhili mmoja aliyesoma andiko langu alishauri nimwondoe tumbusi niweke twiga, kwa kuwa twiga anauzika. Nilimshukuru, sikuijaza fomu yake. Twiga ana watu wengi wa kumsemea. Tumbusi mgongo-mweupe, pamoja na wenzake watatu wa Afrika, tangu 2015 yuko kwenye daraja la juu kabisa la hatari katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi. Baada ya hapo ni kutoweka porini. Watafiti waliokusanya takwimu za bara zima walikuta kwamba kati ya aina 8 za tumbusi walizozipima, 7 zilikuwa zinapungua kwa kasi ya asilimia 80 au zaidi katika vizazi vitatu. Kasi hiyo ingekuwa ya tembo, redio zote zingekuwa zinaimba.

Kuhusu rangi nimeshaamua. Brashi niliishika mara ya kwanza nikikaa pembeni ya mafundi wa Tingatinga pale Morogoro Stores, Oysterbay, nikiwaoshea makopo. Edward Saidi Tingatinga alianza 1968 kwa vipande vya mbao za siling na rangi ya baiskeli, akafariki 1972. Miaka minne tu, na mpaka leo familia nyingi zinakula kwa mkono wake. Kwake nachukua anga: rangi moja iliyotandazwa, bila wingu, bila kivuli. Mnyama anasimama mbele yake na hana pa kujificha. Kwa filamu ambayo nusu yake iko angani, sijaona njia nyingine inayofaa zaidi.

Julai. Msembe, Hifadhi ya Taifa ya Ruaha

Mwongoza watalii wetu alipata habari za mzoga wa nyati karibu na mto. Simba walikuwa wameshashiba na kwenda kulala kivulini. Tulisimamisha gari mbali kiasi cha kutomsumbua yeyote, nikatoa daftari. Penseli haina mlio wala haiishiwi chaji, na jicho likilazimika kuchora haliwezi kudanganya kwamba limeona.

Tumbusi si ndege wa alfajiri. Ni mzito, kilo 5 au 6, na mabawa yake yakitandazwa yanazidi mita 2. Kuyapiga kwa mwendo mrefu kunamchosha. Husubiri jua lipashe ardhi joto na hewa ianze kupanda, ndipo naye apande nayo akizunguka bila kupiga bawa. Kwa hiyo mpaka saa tatu asubuhi palikuwa na bweha wawili na nzi tu.

Kisha akatua mmoja kwenye mti mkavu. Nikatazama juu, nikaona nukta. Halafu nukta nyingine, mbali zaidi. Halafu nikaacha kuhesabu.

Tumbusi wetu hatafuti mzoga kwa pua. Anatumia macho, na hatazami ardhi peke yake, anawatazama tumbusi wenzake. Mmoja akikunja mabawa kushuka, jirani yake aliye mbali huko anamwona, naye anageuka. Jirani wa jirani anamwona huyo wa pili, naye anageuka. Habari inasafiri angani namna hiyo bila sauti yoyote, na ndani ya muda mfupi ndege ambao hawakuuona mzoga kabisa wanakuwa wamesimama juu yake.

Hapo ndipo ulipo moyo wa filamu. Kile kinachomfanya tumbusi auwahi mzoga kabla haujaoza ndicho hicho kinachommaliza. Mtu akitia sumu kwenye mnyama mmoja aliyekufa, anga lote linaitana kuja kula. Hakuna kamera inayoweza kuonyesha mnyororo huo wote kwa pamoja, kutoka juu, kila ndege na yule aliyemtazama. Mchoro unaweza. Nimeamua shoti hii iwe ndefu kuliko zote, ionekane mara mbili: mara ya kwanza mzoga hauna sumu, mara ya pili unayo. Mwendo wa ndege utakuwa uleule, mchoro kwa mchoro. Mtazamaji atakuwa anajua, ndege hajui.

Muda uliobaki nilichora kutua tu. Miguu inashuka mapema, ndege akiwa bado juu, inaning'inia. Mabawa yanapinda kwenda nyuma, manyoya ya ncha yanaachana kama vidole vya mkono uliofunguliwa, kichwa kinanyooka mbele wakati mwili unarudi nyuma. Anagusa ardhi, anadunda, anadunda tena, kisha anaenda upandeupande, shingo chini, mabawa nusu wazi, akimtishia aliyetangulia. Kwenye kile kipande cha kudunda michoro 12 kwa sekunde haitoshi, mwendo unakatika. Pale nitachora fremu zote 24.

Alipofika yule tumbusi mkubwa mwenye ngozi zinazoning'inia shavuni, wengine walimpisha. Mdomo wake unapasua ngozi ya nyati ambayo wengine hawaiwezi, kwa hiyo kumpisha kuna faida. Wadogo wenye mdomo mwembamba walizunguka pembeni wakiokota vipande vilivyorushwa. Kila mmoja ana nafasi yake mezani.

Walipomaliza walishuka mtoni. Ruaha Mkuu umeshaanza kupungua mwezi huu, maji ya pembeni yanafika magotini mwa ndege. Wakazamisha vichwa, wakapigapiga mabawa mpaka maji yakaruka pande zote, wakatoka na kuyatandaza juani kwenye mchanga yakauke. Walioga kwa muda mrefu sana. Wanaomwita ndege huyu mchafu hawajafika hapa saa tano asubuhi. Nimeongeza shoti ya kuoga, sekunde 20 nzima, bila muziki.

Agosti. Bado Ruaha, kisha Iringa

Kiota kiko juu kabisa ya mgunga mrefu kando ya korongo la mchanga. Tuliona kichwa cha kinda kikichungulia, na mzazi mmoja amesimama pembeni yake akimkinga jua. Yai ni moja tu kwa msimu. Baba na mama hupokezana kulilalia kwa takriban siku 56, kisha kinda hukaa kiotani kama miezi minne, na itapita miaka kama 5 kabla naye hajataga au kuwa na mwenzi anayetaga. Ndege wa namna hii hawezi kufidia hasara ya ghafla.

Naandika haya huku nikifikiria Botswana. Juni 2019, walikutwa tumbusi 537 wamekufa kwenye eneo moja, kando ya mizoga ya tembo watatu waliouawa na majangili kisha wakatiwa sumu. Jangili hafanyi hivyo kwa bahati mbaya. Tumbusi wakianza kuzunguka angani, askari wa wanyamapori anajua pa kwenda, kwa hiyo jangili anataka anga liwe tupu. Niliwaza kuiandika namba ile kwenye skrini, 537, nyeupe juu ya nyeusi. Nimeiacha. Badala yake kuna mgunga wenye kiota, unaoonekana asubuhi, mchana, jioni, na hakuna anayerudi. Kinda anaendelea kutazama juu. Shoti hiyo nimeimaliza jana usiku na sijaweza kuitazama kwa utulivu.

Septemba. Kihesa

Kazi za kulipa kodi: tangazo la duka la simu, na vibonzo vya somo la usafi kwa shirika moja la hapa mjini. Umeme umekuwa ukikatika jioni, nimenunua betri na inveta. Tableti inadumu mpaka saa saba usiku.

Jumamosi ya kwanza ya Septemba ni siku ya kimataifa ya tumbusi. Nilipeleka michoro shuleni, darasa la tano. Niliwapa karatasi wachore tumbusi bila kuwaonyesha wangu, na karibu wote walimchora akiwa amekaa, si akiruka angani. Wanamwona dampo na machinjioni tu. Nilipowaonyesha kipande cha kupaa, sekunde chache tu, waliomba kirudiwe mpaka mwalimu akasema basi.

Katika majuma haya ya kukaa peke yangu na kioo namkumbuka sana Moustapha Alassane wa Niger, fundi makanika aliyejifundisha kuchora picha zinazotembea miaka ya 1960, wakati ambapo hakuna aliyetegemea katuni kutoka Sahel. Alimfanya chura kuwa mhusika wake kazi baada ya kazi. Na Jean-Michel Kibushi wa Kongo, aliyezunguka na watoto wakitengeneza filamu kwa karatasi zilizokatwa na vifaa vilivyopatikana. Wote wawili walichukua hadithi na wanyama wa kwao na kuwapa watu wa kwao kwanza. Mradi huu unafuata njia hiyo.

Oktoba. Idodi, Tungamalenga na Pawaga

Huu ndio mwezi niliokuwa nausubiri. Nimesafiri na projekta ndogo, spika, jenereta ya kuazima na shuka jeupe. Kilichoonyeshwa ni michoro ya penseli isiyo na rangi, iliyounganishwa na sauti za muda. Sehemu ya mchungaji ilikuwa kioo cheupe chenye maneno matatu: HAPA MNASEMA NYINYI.

Vijiji hivi viko mpakani mwa hifadhi. Kuna Wahehe na Wabena wanaolima mpunga, kuna Wasukuma, Wamasai na Wabarabaig wenye ng'ombe. Ukishuka kwenye gari unasalimiwa "Kamwene", na baada ya nyumba kadhaa unasalimiwa lugha nyingine. Nilipita kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, akatangaza, na kwenye giza la saa mbili uwanja ulikuwa umejaa.

Mzee mmoja wa Kibarabaig alikaa mbele kabisa, fimbo magotini. Filamu ilipofika kwenye ng'ombe aliinua fimbo.

"Ng'ombe wako hana mwenyewe."

"Kwa nini, mzee?"

"Hana alama. Ng'ombe asiye na alama ni wa nani?"

Kijana wake alichukua penseli yangu akachora alama yenyewe kwenye daftari, akaonyesha na upande wa paja inapokaa. Mwingine akasema nundu isogee nyuma kidogo. Wanawake walinirekebisha mlango wa boma: miiba huvutwa kwa ndani, mkono wa kushoto, na anayeufunga mara nyingi ni mama. Nimeyachukua yote. Mtu akiona ng'ombe wake kwenye shuka, ataendelea kutazama hata pale pagumu.

Pagumu palifika. Nilipozima projekta kwenye kile kioo cheupe, watu walinyamaza, kisha mzee yule akaanza kuzungumza taratibu.

"Mwanangu, unafikiri mtu anatia sumu huku anacheka? Simba ameingia usiku. Asubuhi ng'ombe watatu wako chini. Mmoja alikuwa ada ya mtoto. Mmoja alikuwa wa mahari ya kijana. Wewe una hasira, una aibu, watu wanakuangalia. Hapo unamfikiria simba peke yake. Ndege hayumo kichwani mwako usiku ule."

Ndege hayumo kichwani mwako. Nimeandika sentensi hiyo juu ya ukurasa, nikaipigia mstari. Ndiyo sehemu nzima ya mchungaji. Nitaichora kutoka kimo cha macho yake, usiku, na picha haitainuka juu hata mara moja: ardhi, nyayo, mkia wa ng'ombe, mikono yake, miguu ya jirani waliokuja kutazama. Anga haitakuwepo kabisa mpaka asubuhi, na itakaporudi itarudi yote kwa mpigo. Mtazamaji hatamchukia mtu huyu. Kumchukia ni rahisi na hakumsaidii tumbusi yeyote.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliuliza kwa nini filamu inaishia kwa ndege. Kwao, alisema, mbwa wa jirani alikula kwenye mzoga wa namna hiyo na hakumaliza siku. Watoto wanacheza na mbwa. Kuku wanadonoa. Mvua ikinyesha, maji yanaenda wapi? Wengine wakaitikia. Kwa hiyo mnyororo wa filamu unarefuka: mzoga, fisi, tumbusi, mbwa wa nyumbani, na tone la maji linaloteremka kwenye korongo. Mbwa nimeshamchora palepale, wa kahawia, sikio moja limeraruka. Watoto wa Tungamalenga walimpa jina, wakanikataza katakata nisimwue kwenye filamu. Bado nabishana nao moyoni.

Kijana mmoja akauliza swali ambalo kila mahali huulizwa, na ni la haki: tumbusi wakiisha, sisi tunapungukiwa nini?

Nikawaeleza ya India. Miaka ya 1990 tumbusi wa kule walianza kufa kwa mamilioni na watu hawakujua sababu. Mwaka 2004 ikathibitishwa kwamba ni dawa ya maumivu waliyokuwa wakichomwa ng'ombe, diklofenaki. Ng'ombe akifa nayo mwilini, tumbusi akila, figo zake zinakufa. Serikali iliipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006, lakini ndege walikuwa wameshakwisha karibu wote. Mizoga ikabaki mashambani, ikatupwa mitoni, mbwa wa mitaani wakaongezeka na kichaa cha mbwa nacho. Utafiti wa wachumi uliotoka 2024 ulikadiria kwamba kutoweka kwa ndege hao kulichangia vifo vya watu wapatao 500,000 kati ya 2000 na 2005. Tumbo la tumbusi lina asidi kali sana, na nyama yenye vijidudu ambavyo vingemlaza mnyama mwingine inapita humo isimdhuru. Kazi hiyo anaifanya bure, kila siku, na hakuna halmashauri yenye magari ya kutosha kuifanya badala yake.

Mzee yule alitikisa kichwa. "Dawa ya ng'ombe," akasema, na akairudia kwa lugha yake kwa waliokaa nyuma. Mazungumzo yaliyofuata sikuyaelewa, lakini yalikuwa marefu, na nilifurahi kukaa kimya.

Jambo moja tumekubaliana na askari wa wanyamapori wa kijiji, na kwangu halina mjadala: filamu haitaonyesha sumu ni ipi, inapatikana wapi, inatiwaje wala kiasi gani. Ni dawa za kuua wadudu shambani, kila mtu pale anajua, na sina sababu ya kumfundisha asiyejua. Mkono unaingia ndani ya picha, unatoka. Basi. Kinachoonyeshwa kwa kirefu ni cha baada ya hapo: mtu anayekuta mzoga na ndege waliokufa, hagusi, anapiga simu, askari wanafika, mzoga na vyote vilivyokufa vinachomwa moto palepale ili mnyororo ukatike. Askari mwenyewe aliniigizia hatua zote uwanjani, nami nikachora. Anapozungumzia dakika za mwanzo sauti inambadilika. Kila saa inayopotea, ndege wengine wanatua.

Na boma. Wafugaji walisisitiza boma liwepo, wala lisiwe la mapambo. Mradi wa wanyama walao nyama wa Ruaha, ulioanza 2009, umesaidia kaya za huku kuzungushia maboma uzio wa waya, na waliopata wanasema usiku wanalala. Filamu ambayo inamwambia mtu asitie sumu halafu haimwonyeshi simba akigonga waya na kurudi alikotoka ni filamu nusu. Hiyo itakuwa shoti ya simba pekee katika kazi yote: kivuli, waya unatetema, kimya, nyayo zinaondoka.

Novemba. Sauti

Sauti ya kundi linaloshuka ni upepo mzito unaokatwakatwa. Tumeipata kwa khanga mbili zilizoloweshwa na kukamuliwa, zikipigwa hewani na watu wawili wasiokwenda sambamba, ndani ya chumba chenye magodoro ukutani. Khanga kavu inatoa mlio wa nguo. Ya majimaji inatoa bawa. Milio ya ugomvi mezani, ule mkoromo na kufoka, ni ya Ruaha yenyewe, niliirekodi Julai.

Muziki ni zeze, na mpigaji ametoka upande wa Dodoma. Anapiga kwenye kupaa na kwenye boma tu. Nilimwonyesha shoti ya kiota akaweka zeze chini, akasema hapo pasipigwe kitu. Ametuelewa.

Msimulizi wa Kiswahili ni mwanamke, sauti ya mtu mzima, maneno machache. Kidatoga, lugha ya Wabarabaig, kitakuwa na msimulizi wake na si tafsiri ya Kiswahili changu. Yule kijana aliyechora alama ya ng'ombe ataisema hadithi kwa namna inavyosemwa kwao, nami nitarefusha au kufupisha picha imfuate.

Desemba. Naivasha

Basi Arusha, Namanga, Nairobi, kisha Naivasha. Katika Hifadhi ya Hell's Gate kuna kuta za mawe zinazosimama wima, na juu yake wanakaa tumbusi wa Rüppell, ambao hutaga kwenye majabali. Nimekuja kuchora jabali na ndege anayejirusha kutoka juu yake, maana tumbusi wa mitini hajirushi hivyo. Watu wanapita chini kwa baiskeli, na nyuma ya vilima mvuke wa mitambo ya Olkaria unapanda mchana kutwa. Nguzo za umeme nazo zimo kwenye michoro yangu. Ndege mzito asiyeweza kukata kona ghafla anazigonga.

Tumbusi wa Rüppell anaingia kwenye filamu mara moja tu. Novemba 1973, ndege ya abiria juu ya Abidjan, Ivory Coast, iligongana na mmoja wao kwenye kimo cha karibu mita 11,300. Kilimanjaro ni mita 5,895. Katika shoti yangu jike wangu anazunguka juu ya Ruaha, anainua jicho, na juu yake, juu mno, kuna nukta nyeusi inayopita, na juu ya nukta hakuna kitu ila rangi moja ya anga.

Vijana watatu wa katuni wa Nairobi walinipokea, tukakaa mpaka usiku tukibadilishana faili na mbinu. Mmoja amenipa njia bora ya kupaka manyoya ya mgongo bila kuyachora upya kila fremu. Imeniokolea wiki kadhaa za kazi.

Februari. Kihesa

Sehemu ya mchungaji imekamilika. Nilituma kipande chake kwa simu Pawaga na jibu lilikuja kwa sauti: mlango wa boma uko sawa, ng'ombe sasa ana mwenyewe, ila yule jirani wa pili anasimama vibaya, mtu hasimami hivyo kwenye msiba wa ng'ombe. Nimemchora upya, mikono nyuma, fimbo kwapani.

Mbwa wa Tungamalenga anabaki hai. Anaunusa mzoga, anaitwa kwa jina, anageuka. Anayemwita ni mtoto, na hiyo ndiyo sauti pekee ya mtoto ndani ya filamu. Nilitaka mtazamaji aone kwamba kuna wakati wa kuukata mnyororo kabla haujafika nyumbani, na watoto walikuwa wamenipa njia.

Kilichobaki: rangi za shoti ya mnyororo wa pili, kusafisha mistari ya kuoga, kurekodi Kidatoga, na kuchanganya sauti. Kurenda, yaani kompyuta kutoa picha za mwisho, kutafanyika usiku, umeme ukiwa umetulia. Fomu ya ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, nimeijaza, na ipo nyingine ya Ufaransa, lakini onyesho la kwanza ni Idodi. Barabara ya Pawaga haipitiki vizuri wakati wa masika, kwa hiyo tumekubaliana na wenyeviti iwe Mei mwishoni, vijiji vitatu kwa wiki moja. Jenereta imeshaazimwa. Nahitaji shuka kubwa zaidi, maana Oktoba waliokaa pembeni hawakuona vizuri, na flashi za kuwaachia walimu na askari wa kijiji nakala za lugha zote mbili.